Mkono wa krenki unalegea na meno yamekwisha: vipuri gani vitaingia?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: amenunua baiskeli iliyokwisha kutumika, na mkono wa krenki wa kushoto, ule unaobeba pedali, haukai. Anakaza bolti, baada ya siku chache unacheza tena. Sproketi kubwa ya mbele ina meno yaliyochongoka, na akipanda mlima cheni inaruka. Dukani ameambiwa krenki ya baiskeli hiyo haitengenezwi tena, kwa hiyo anunue seti nzima. Anataka kujua kama anaweza kupata kipuri kimoja kimoja, na atajuaje kwamba kitaingia.

Ndugu yangu, kwanza acha kuipanda baiskeli hiyo mpaka mkono wa kushoto ubadilishwe. Mkono ukichomoka ukiwa umesimama juu ya pedali, uzito wako wote unaangukia upande mmoja bila onyo.

Sasa vipuri. Vipo, na huenda usihitaji seti nzima. Tatizo ni kuvitafuta kwa jina la baiskeli. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye fremu mara nyingi haitengenezi krenki; hununua kwa mtengenezaji mwingine, na mwaka unaofuata inaweza kununua kwingine tena. Kinachoamua kama kipuri kitaingia ni maungio, nayo ni manne tu: mkono unapoungana na ekseli (chuma cha katikati kinachounganisha mikono miwili), ekseli inapoungana na fremu, sproketi inapoungana na mkono, na pedali inapoungana na mkono. Kila ungio lina kipimo kinachojulikana na ambacho watengenezaji wengi wanakifuata. Ukishavijua vipimo hivyo, unaweza kuchukua mkono wa kampuni moja, sproketi ya nyingine na ekseli ya nyingine kabisa, na vyote vikakaa sawasawa. Muuzaji aliposema aina hiyo haitengenezwi tena huenda alisema kweli, lakini vipimo vyake bado vinatengenezwa kila siku.

Nianze na huo mkono, maana ndio wenye hatari. Kwa maelezo yako, bolti moja katikati ambayo unaikaza na inarudi kulegea, nina hakika kubwa kwamba ekseli yako ni ya pembe nne: chuma chenye nyuso nne kinachopungua unene kidogo kidogo kuelekea mwisho, kikiingia kwenye tundu la pembe nne la mkono. Ng'oa kifuniko cha plastiki, toa bolti, utaiona ncha yake. Ekseli ni ya chuma, mkono ni wa alumini. Mkono ukilegea hata kidogo, kila unapokanyaga pedali kona za chuma zinaisukuma alumini laini na kuipanua. Ukikaza tena, bolti inauvuta mkono ndani na unauona umeshika, lakini nyuso za tundu hazigusani tena na ekseli ipasavyo. Zinashikana kwa sehemu ndogo tu, na sehemu hiyo nayo inaliwa. Tundu likishafika hapo hakuna kukaza kutakakoliponya. Wapo wanaoweka gundi, na wapo wanaokata vipande vya kopo na kuvipachika kati ya mkono na ekseli. Siwashauri hata kidogo. Kinachohitajika ni mkono mwingine wa kushoto, basi.

Kuutoa kunahitaji pula ya krenki, yaani kifaa cha kuuvuta mkono utoke kwenye ekseli, na hapa ndipo mikono mingi mizuri huharibiwa. Bolti yenyewe kwa kawaida inafunguka kwa spana ya boksi ya milimita 14 au aleni ya milimita 8. Baada ya kuitoa, chungulia ndani ya tundu: mara nyingi kuna washa iliyong'ang'ania pale chini. Itoe kwa bisibisi nyembamba. Ukiiacha, pula itasukuma washa badala ya kusukuma ekseli, washa inaegemea mkono wenyewe, na nguvu yote inaishia kung'oa nyuzi za mkono. Safisha nyuzi kwa mswaki wa zamani, tia tone la mafuta, rudisha fimbo ya ndani ya pula nyuma kabisa, kisha fungia pula kwa mkono mpaka nyuzi zote zimeingia. Usiridhike na mizunguko miwili mitatu. Ndipo uzungushe fimbo ya ndani kwa spana, na mkono utatoka taratibu. Karibu krenki zote za pembe nne zina nyuzi za kipenyo cha milimita 22 hapo. Baadhi ya krenki za zamani za Ufaransa hazifuati: za TA zilikuwa na milimita 23 na za Stronglight milimita 23.35, na pula ya kawaida ndani yake inaonekana kuingia huku ikiwa haijashika kitu. Kama nyuzi zako zimekwisha kung'oka, pula ya makucha wanayotumia mafundi wa magari kutolea beringi inaweza kuuvuta mkono kutoka nyuma. Mkono huo unautupa hata hivyo.

Ukishautoa, uelekeze kwenye mwanga uliangalie tundu. Tundu zima lina nyuso nne bapa zenye alama za mgusano zilizoenea kwa usawa. Lililokwisha lina mwezi mwembamba unaong'aa karibu na kila kona, upande mmoja wa kona tu, na ukipitisha kidole ukingoni utahisi alumini iliyonyanyuka kama makali madogo. Halafu igeukie ekseli. Pitisha ukucha kwenye kingo zake nne: zikiwa zimenyooka bila mabonde, ekseli imepona, na kwa kawaida hupona kwa kuwa ndiyo ngumu zaidi. Kona za chuma zikiwa zimeviringika, nayo inabadilishwa, la sivyo itaula mkono mpya kama ilivyoula wa zamani.

Mkono mpya unaununua kwa mambo manne. Urefu umepigwa muhuri nyuma ya mkono karibu na tundu la pedali, kwa milimita: 165, 170, 172.5, 175 na kadhalika. Ni umbali kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedali. Uwe sawa na wa kulia. Tundu la pedali kwa krenki za vipande vitatu kama yako (mikono miwili na ekseli) ni la inchi 9/16, nyuzi 20 kwa inchi, isipokuwa kwa baiskeli chache za zamani za Ufaransa zilizotumia milimita 14. Umbo la mkono nalo linahusika: mwingine umenyooka, mwingine umepinda kwenda nje. Pima kwenye mkono wa zamani ni kiasi gani sehemu ya pedali imetoka nje ukilinganisha na sehemu ya ekseli, ili mpya usije ukagonga bomba la fremu au kuuweka mguu wa kushoto mbali kuliko wa kulia.

Jambo la nne ndilo linalowachanganya watu: mteremko wa pembe nne una viwango viwili, JIS (cha Kijapani) na ISO (cha kimataifa). Nyuso za vyote viwili zimelala kwa digrii 2, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Tofauti ni kwamba ncha ya ISO ni nyembamba zaidi. Mkono wa ISO ukiuweka kwenye ekseli ya JIS utasimama kama milimita 4.5 kabla ya mahali pake, ukiwa umeshika sehemu fupi. Mkono wa JIS kwenye ekseli ya ISO utazama ndani zaidi kwa kiasi hichohicho, na hapo kuna mtego mbaya: ncha ya ekseli inafika usawa wa pale bolti inapoegemea, bolti inaibana ekseli badala ya kuubana mkono, unahisi imekaza kweli kumbe mkono umelegea. Shimano na watengenezaji wengi wa Asia wanatumia JIS. Campagnolo na krenki nyingi za zamani za Ulaya ni ISO. Baiskeli nyingi za kawaida za pembe nne ni JIS, kwa hiyo kama hujui yako anzia hapo, lakini thibitisha baada ya kufunga: ukichungulia tundu la bolti, ncha ya ekseli lazima iwe ndani kidogo, milimita moja au mbili chini ya pale washa inapokaa.

Kwenye duka la vipuri vilivyotumika, mkono wa kushoto ndio rahisi kupata, kwa sababu krenki nyingi hutupwa sproketi zikiisha, na mkono wa kushoto ukiwa mzima. Uoshe kabla ya kuukubali. Tazama nyufa mahali pawili: kuzunguka tundu la pedali na kwenye kona za tundu la pembe nne. Ufa wa alumini huanza kama unywele mweusi, na ukucha ukiupitisha juu yake unakwama. Ukiona hivyo mrudishie mwenyewe, hata akikupa bure.

Kuufunga mkono: futa ekseli na tundu kwa kitambaa safi mpaka visiwe na mchanga wala grisi ya zamani. Suala la kupaka grisi kwenye nyuso za ekseli lina ubishi mrefu na watengenezaji wenyewe hawakubaliani; kama una maelekezo ya krenki yako yafuate, la sivyo usafi ndio unaotangulia. Ila nyuzi za bolti na chini ya kichwa chake paka grisi bila kusita. Sukuma mkono kwa mkono wako, ukielekea kinyume kabisa na wa kulia, kisha uvutwe na bolti tu. Usiugonge kwa nyundo: unaumiza beringi za ekseli, na mkono hauingii vizuri zaidi kwa hilo. Nguvu inayotakiwa ni nyutonimita 35 hadi 50 kwa krenki nyingi za aina hii. Huna spana ya kupimia nguvu? Nyutonimita 40 ni karibu sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 16 kwenye mpini, sentimita 25 kutoka kwenye bolti. Ukiwa na mizani ndogo ya kuning'iniza, inase kwenye mpini pale pale kwenye sentimita 25, vuta kwa pembe mraba mpaka isome 16. Wengi wanashangaa jinsi hiyo ilivyo nguvu kubwa, na mshangao huo unaeleza kwa nini mikono ya kushoto hulegea: hukazwa kwa spana fupi mpaka kiganja kiume, basi. Rudia kupima mara moja baada ya safari ya kwanza, kwa nguvu ileile. Baada ya hapo iache. Ukikaza kila wiki unaupandisha mkono juu ya mteremko na kulipanua tundu mwenyewe.

Sasa meno, na hapa nina wasiwasi na jinsi ulivyolielewa tatizo. Cheni kuruka wakati wa kupanda mlima mara nyingi hutoka nyuma. Sproketi za nyuma ni ndogo, cheni inashika meno machache, hivyo ndizo huachia kwanza. Sproketi ya mbele iliyokwisha ina tabia nyingine zaidi: haitaki kuiachia cheni, inaibeba kwa chini na kuipandisha mpaka inakwama kwenye fremu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote pima cheni. Kila jozi ya pini iko umbali wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo vipande 24 vya cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8. Vuta cheni inyooke, weka rula. Ikifika 306.3 imerefuka kwa asilimia 0.5 na wakati wake umekaribia kwisha, ikifika 307.8 ni asilimia 1, na hapo karibu hakika sproketi za nyuma nazo zimekwenda. Ukifunga sproketi mpya mbele ukaacha cheni hiyo, itaila sproketi mpya kwa muda mfupi. Kama cheni imepita kiasi, panga kubadilisha cheni na sproketi za nyuma kwanza, kisha utazame kama ya mbele kweli inakusumbua.

Meno ya mbele yenyewe yaangalie vizuri. Yaliyokwisha yameegemea upande mmoja kama pezi la papa, na bonde kati ya jino na jino limerefuka. Lakini sproketi nyingi zenye kazi ya kubadilisha gia zimekatwa makusudi zikiwa na meno machache mafupi au yaliyopindishwa, ili cheni ipate mahali pa kupanda na kushuka. Meno mafupi matatu manne mahali fulani, mengine yote yakiwa mazima, ni ufundi wa kiwandani. Uchakavu unaonekana kwenye meno yote. Jaribu pia kuivuta cheni mbele, pale inapopinda kwenye sproketi kubwa: kwenye sproketi nzima na cheni nzima hainyanyuki karibu kabisa, ikinyanyuka mpaka unaona mwanga chini ya pini, kimoja kati ya viwili hivyo kimekwisha.

Kama ni kweli imekwisha, swali la kwanza ni: imefungwa kwa bolti au kwa ribiti? Geuza krenki utazame nyuma. Ukiona ribiti, au sproketi na mkono wa kulia vimebanwa pamoja kiwandani, haitoki. Hapo muuzaji wako yuko sahihi kwa sehemu: mkono wa kulia unakuja na sproketi zake, na kwa kuwa wewe unahitaji na mkono wa kushoto, seti nzima ya pembe nne ni busara, mradi inalingana na ekseli uliyonayo. Nitarudi kwenye ekseli.

Ikiwa ni bolti, unahitaji kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote. Wauzaji wanakiandika kwa herufi BCD, na ndicho kipimo kitakachokutafutia sproketi kila mahali. Kwa bolti tano huwezi kukipima moja kwa moja kwa kuwa hakuna bolti inayotazamana na nyenzake, kwa hiyo pima umbali kati ya bolti mbili zinazofuatana, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Kwa bolti nne zilizopangwa sawasawa zidisha kwa 1.414. Katikati ya tundu ni vigumu kupalenga kwa macho. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa lile linalofuata, utapata jibu lilelile bila kubahatisha. Ukipata milimita 76.4 kwa bolti tano, duara lako ni 130, ambalo lilitawala krenki za baiskeli za mbio kwa miaka mingi. Milimita 64.7 ni 110. Kwa bolti nne, 73.5 ni 104 la baiskeli za milimani, na zile ndogo za ndani zenye 45.3 ni 64. Jibu lako likiangukia katikati ya namba, kama 128 au 106, pima upya kabla ya kudhani umegundua kiwango kipya.

Tahadhari mbili. Krenki nyingi za karibuni za Shimano za barabarani zina matawi manne (vikono vinavyobeba bolti za sproketi) yasiyo na nafasi sawa, mawili yamekaribiana na mawili yameachana. Kanuni ya 1.414 haifanyi kazi hapo, na sproketi ya matawi manne ya kawaida haitaingia hata kama namba ya duara inafanana. Na krenki nyingine hazina matawi kabisa: sproketi inakaa moja kwa moja kwenye mkono kwa meno madogo ya ndani. Kwa hizo kila kampuni ina mpangilio wake, na ni mahali pekee ambapo jina la mtengenezaji wa krenki, si la baiskeli, ni lazima ulijue. Kwa Shimano litafute nyuma ya mkono: namba inayoanza na FC imepigwa muhuri pale.

Duara la bolti pia linaweka kikomo cha udogo. Kwenye 130 huwezi kushuka chini ya meno 38. Kwenye 110 kikomo cha kawaida ni 34, ingawa 33 inawezekana. Kwenye 104 kwa kawaida ni 32, kwenye 64 ni 22. Idadi ya meno ya sasa imeandikwa kwenye sproketi yenyewe. Kama una sproketi mbili au tatu mbele, nunua iliyotengenezwa kwa nafasi hiyo hiyo, ya nje, ya kati au ya ndani, na kwa idadi ya gia za nyuma inayokaribiana na yako, kwa sababu zile pini na mikato ya kupandishia cheni hupangwa kwa jozi. Kama unayo moja tu na hubadilishi gia mbele, chukua yenye meno yanayopishana unene, mwembamba, mnene, mwembamba; inaishika cheni vizuri zaidi kwenye barabara mbovu. Idadi ya meno yake kwa kawaida ni shufwa, na unapovika cheni hakikisha jino nene limeingia kwenye nafasi pana.

Kufunga sproketi si kazi kubwa. Bolti zinafunguka kwa aleni ya milimita 5 au spana ya nyota ya T30, na nati ya nyuma ina mfuo unaoshikwa kwa kifaa chenye meno mawili ili isizunguke. Kile kibonde kilichochimbwa kuzunguka tundu la bolti kinaelekea nje kwa sproketi ya nje, na ndani kwa sproketi ya ndani. Sproketi kubwa ya nje huwa na pini ndogo iliyochomoza. Ikae nyuma ya mkono wa krenki, maana kazi yake ni kuzuia cheni isiangukie kati ya mkono na sproketi. Ukiiweka kwingine gia zitabadilika vibaya na hutajua kwa nini. Paka grisi nyuzi, kaza kwa kupishanisha kidogo kidogo. Bolti za chuma zinastahimili nyutonimita 12 hadi 16, za alumini ziwe chini ya hapo. Ukihama kutoka sproketi mbili kwenda moja, nunua na bolti fupi, kwa sababu ndefu zitafika mwisho kabla ya kubana.

Mikono ikiwa imetoka, tumia nafasi hiyo kuiangalia ekseli ya katikati. Izungushe kwa vidole viwili: isikwaruze, na ukiitikisa juu chini isicheze. Ikiwa mbovu, kasha lake, yaani ekseli pamoja na beringi zake, hubadilishwa lote, na unahitaji upana wa bomba la fremu linalopitisha ekseli, nyuzi, na urefu wa ekseli. Upana wa milimita 68 au 73 kwa kawaida una nyuzi za inchi 1.37, na upande wa kulia ni nyuzi za kinyume, unafunguka kwa kuzungusha kufuata mishale ya saa. Bomba la milimita 70 ni la Kiitaliano, na pande zote mbili hufunguka kinyume cha saa. Urefu wa ekseli mara nyingi umeandikwa kwenye kasha, kwa mfano 68 na 113: ya kwanza ni upana wa bomba, ya pili ni urefu wa ekseli. Ukibakiza krenki yako, rudisha urefu uleule. Ukinunua seti mpya, fuata urefu ambao mtengenezaji wa seti hiyo ameutaja, kwa sababu ndio unaoweka sproketi kwenye mstari mmoja na gia za nyuma. Ekseli ndefu mno inausukuma mstari wa cheni nje. Fupi mno, sproketi inakwaruza fremu.

Kama ukifungua kifuniko ukakuta kitu tofauti na pembe nne, mambo ni haya kwa haraka. Ekseli nene yenye uwazi katikati, kipenyo cha milimita 24, na bolti mbili zinazobana mkono wa kushoto pembeni, ni mfumo wa vipande viwili kama Hollowtech II wa Shimano. Mkono wa kushoto unauzwa peke yake; kofia ya plastiki unaikaza kwa vidole tu, nyutonimita 0.7 hadi 1.5, kuondoa mchezo, kisha bolti mbili kwa zamu hadi 12 au 14. Na kama krenki yako ni ya Shimano aina ya Ultegra au Dura-Ace ya gia 11, iliyotengenezwa kabla ya Julai 2019, ipeleke kwa wakala ikaguliwe: Septemba 2023 Shimano ilitangaza kuzikagua kwa sababu mikono yake, iliyounganishwa kwa gundi, inaweza kuachana, na zinazoonyesha dalili hubadilishwa bila malipo. Pini iliyopita kwenye mkono na nati upande mmoja ni krenki ya zamani ya chuma. Pini zake ni za milimita 9.5 au 9, hazibadilishani, na hufungwa zikielekeana kinyume. Mikono yote miwili na ekseli vikiwa chuma kimoja kilichopindwa, hakuna mkono wa kununua; unanunua chuma kizima, na pedali zake kwa kawaida ni za inchi 1/2.

Pedali ndiyo ya mwisho kurudi. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Paka grisi, anza kwa vidole, na kama haiingii kwa ulaini mizunguko mitatu ya kwanza, rudi nyuma uanze upya, kwani nyuzi za mkono mpya ni za alumini na pedali ni ya chuma.

Ukimwandikia muuzaji, usitaje jina la baiskeli. Mwandikie hivi, ukiweka vipimo vyako mwenyewe: "Natafuta mkono wa krenki wa kushoto, ekseli ya pembe nne JIS, urefu milimita 170, pedali inchi 9/16. Pia sproketi ya nje ya bolti tano, BCD 130, meno 50, kwa cheni ya gia 8. Naomba picha ya tundu la mkono kwa karibu, rula ikiwa pembeni, na picha ya nyuma palipopigwa muhuri."